Kama Tabianchi Imebadilika Tangu Zamani, Kwa Nini Tuhangaike Leo? Jibu Kutoka kwa Vinasaba vya Pengwini



Wakati wa likizo iliyopita nilipangiwa kufanya uchungaji katika parokia moja ya mwambao. Jioni moja, katika Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo, tulikuwa tukijadili waraka Laudato Si', ambao Papa Fransisko aliutoa mwaka 2015 kuhusu utunzaji wa nyumba yetu ya pamoja. Nilieleza habari za joto la dunia kuongezeka, nikadhani nimeeleweka. Ndipo mzee mmoja, mvuvi wa siku nyingi, akanyoosha mkono.

"Frateri, mwanangu, naomba unieleweshe. Sisi shuleni tulifundishwa kwamba zamani sana dunia ilikuwa na baridi kali, kisha ikapata joto, na wakati huo hapakuwa na viwanda wala magari. Viumbe wa Mungu hawakwisha, mpaka leo wapo. Sasa leo tunatishana kwa lipi?"

Wanajumuiya wote wakanigeukia. Nikamjibu kwamba wanasayansi wamelithibitisha jambo hilo. Mzee akaitikia kwa kichwa, kwa heshima tu, na nikaona wazi kwamba sikumjibu. Usiku ule nilikumbuka kwamba Mtakatifu Thomas wa Akwino, katika swali la kwanza kabisa la Summa Theologiae, anasema hoja inayoegemea mamlaka ya wanadamu ndiyo dhaifu kuliko hoja zote. Mimi, mwanafunzi wa falsafa, nilikuwa nimeitumia hiyo hiyo.

Makala hii ni deni langu kwa mzee yule. Nimelitafuta jibu mbali kidogo, kwa ndege wa baharini wanaoishi kwenye barafu ya Antaktika, yaani pengwini. Nimewachagua kwa sababu swali la mzee linahusu mambo mawili, tabianchi ya kale na viumbe walioipitia, na kwa ndege hawa mambo hayo mawili yamechunguzwa kwa pamoja. Wameishi mahali ambapo barafu imepanda na kushuka mara nyingi, na kumbukumbu ya yaliyowapata imebaki ndani ya miili yao.

Nakala zenye makosa

Tunaposema jenomu tuna maana ya vinasaba vyote vya kiumbe, yaani maelekezo yote anayorithi kutoka kwa wazazi wake. Maelekezo hayo yameandikwa kwa herufi nne tu, ambazo wanasayansi huziita A, C, G na T. Jenomu ya pengwini ina herufi takribani bilioni 1.2. Kila ndege anazo nakala mbili, moja kutoka kwa baba na nyingine kutoka kwa mama. Msingi wa elimu hii uliwekwa na mtu wa nyumbani kwetu, Padre Gregor Mendel wa Shirika la Mtakatifu Augustino, aliyepanda njegere katika bustani ya monasteri yake mjini Brno na kuchapisha matokeo yake mwaka 1866.

Wenzangu wa somo la Maandiko Matakatifu wanajua kwamba kabla ya mashine za uchapaji Biblia zilinakiliwa kwa mkono. Mnakili aliweza kuruka herufi au kuandika neno moja badala ya jingine. Yule aliyenakili kutoka kwake alilirithi kosa hilo na kuongeza la kwake. Kwa hiyo wataalamu wakikuta makosa yaleyale katika nakala mbili, hutambua kwamba zina chanzo kimoja. Zikiwa na tofauti chache, zimeachana karibuni. Zikiwa na tofauti nyingi, zimeachana zamani.

Vinasaba navyo viko hivyo hivyo. Kila kifaranga anapopatikana, herufi chache hukosewa katika kunakiliwa, naye huwarithisha watoto wake. Makosa hayo huongezeka polepole kadiri vizazi vinavyopita, hivyo tofauti kati ya nakala mbili hutumika kama saa.

Jambo la kufurahisha ni kwamba kuisoma saa hiyo hakuhitaji kumuua ndege. Chembe nyekundu za damu ya ndege, tofauti na zetu wanadamu, zina kiini chenye vinasaba. Tone dogo la damu linatosha.

Ukoo unapokutana

Lakini herufi zinawezaje kutuambia kama ndege walikuwa wengi au wachache miaka elfu hamsini iliyopita?

Tuchukue mfano wa kwetu. Katika kijiji chenye kaya thelathini, vijana wawili wakitaka kuoana, wazee huketi kuhesabu ukoo. Mara nyingi hawafiki mbali: bibi wa huyu na babu wa yule wanakuwa watu wa tumbo moja. Lakini chukua vijana wawili waliokutana Kariakoo, mmoja kwao Kagera na mwingine kwao Mtwara. Hapo utapanda vizazi vingi sana kabla ya kumpata babu wa pamoja. Kanuni ni hii: watu wakiwa wachache, koo hukutana upesi, na wakiwa wengi, koo hukutana mbali.

Sasa linganisha nakala mbili za jenomu ndani ya pengwini mmoja. Kila kipande cha jenomu kina ukoo wake. Kipande ambacho nakala ya baba na ya mama zinafanana kwa urefu mkubwa kimetoka kwa babu wa karibuni, na kile chenye tofauti nyingi kimetoka kwa babu wa kale. Ukikusanya maelfu ya vipande, utaona kwamba katika kipindi fulani koo nyingi zilikutana, maana yake wazazi walikuwa wachache wakati ule. Katika kipindi kingine koo chache tu zilikutana, maana yake wazazi walikuwa wengi. Mwaka 2011 Heng Li na Richard Durbin walichapisha mbinu ya hesabu inayofanya kazi hiyo kwa jenomu ya mtu mmoja tu. Waliitumia kwanza kwa historia ya wanadamu, kisha wengine wakaipeleka kwa wanyama na ndege.

Ili kuilinganisha historia hiyo na tabianchi, unahitaji kumbukumbu nyingine isiyotegemea ndege. Hiyo inapatikana katika barafu yenyewe. Theluji ya kila mwaka huilalia ya mwaka uliotangulia, ikagandamana na kufungia mapovu ya hewa ya wakati wake. Katika kituo cha Dome C, Antaktika, wanasayansi wa Ulaya walichimba zaidi ya kilomita 3 kwenda chini na kupata kumbukumbu ya miaka 800,000. Humo husomwa joto lilivyopanda na kushuka, pamoja na kiasi cha gesi ya kaboni dayoksaidi hewani.

Najua wapo wanaosita wakisikia maelfu ya miaka namna hii, wakidhani yanapingana na kitabu cha Mwanzo. Hati ya Dei Verbum ya Mtaguso wa Pili wa Vatikani, ya mwaka 1965, inatufundisha kuzingatia aina za uandishi ili tuelewe kile ambacho waandishi watakatifu walikusudia kusema. Mwandishi wa Mwanzo hakukusudia kutupa kalenda ya barafu.

Barafu ilipozidi

Turudi kwenye baridi ile aliyoitaja mzee. Kilele cha zama za barafu za mwisho kilikuwa kati ya miaka 26,000 na 19,000 iliyopita hivi. Maji mengi yalikuwa yamefungwa kwenye barafu nchi kavu, hata usawa wa bahari ukashuka kwa takribani mita 120. Wakati huo Unguja haikuwa kisiwa, ilikuwa imeungana na bara. Pemba ilibaki kisiwa kwa sababu mkondo unaoitenga ni wa kina kirefu mno. Wavuvi wa mwambao leo wanatupa nyavu juu ya mahali ambapo mtu angeweza kutembea kwa miguu.

Kule kusini, barafu ilitanda juu ya bahari mbali kuliko leo. Mwaka 2014 ulichapishwa uchambuzi wa jenomu za pengwini wawili wa Antaktika, pengwini Adélie na pengwini kaisari. Ulionyesha kwamba aina zote mbili ziliongezeka kuanzia takribani miaka milioni 1 hadi miaka 100,000 iliyopita. Lakini baridi ya zama za barafu za mwisho ilipokuja, zikaachana njia: pengwini Adélie walipungua, na pengwini kaisari wakaonekana kubaki vilevile.

Hilo lilionekana kuwa na mantiki. Pengwini Adélie hujenga kiota cha vijiwe, hivyo anahitaji ardhi isiyo na barafu. Pengwini kaisari huzaa juu ya barafu ya bahari, tena katikati ya majira ya baridi, na dume hulibeba yai juu ya miguu yake kwa takribani miezi miwili bila kula. Mtu angesema zama za barafu zilikuwa sikukuu kwake.

Hata hivyo, mwaka 2015 watafiti wengine walichunguza vinasaba vinavyorithiwa kwa mama peke yake, kutoka kwa pengwini kaisari wa makundi mbalimbali. Waliona kwamba wakati wa baridi kali ndege hao walikuwa wachache mno, takribani mara saba chini ya walivyo sasa, nao wakabaki katika makimbilio machache. Inaelekea mojawapo lilikuwa Bahari ya Ross. Sababu inaeleweka ukifikiri juu ya chakula. Ndege huyu anahitaji barafu ya kuzalia, lakini anahitaji pia bahari iliyo wazi apate samaki, ngisi na uduvi. Barafu ilipotanda kupita kiasi, bahari ikawa mbali mno na mahali pa kulelea watoto.

Mwaka 2019 ukafuata utafiti mpana zaidi, uliolinganisha aina nyingi za pengwini. Zile zinazoishi sasa katika pwani zilizoathiriwa na barafu nzito, wakiwemo pengwini Adélie, kaisari na mfalme, ziliongezeka karibu wakati mmoja, barafu ilipoanza kurudi nyuma. Pengwini kaisari walitangulia kidogo, kisha wakafuata wale wanaohitaji ardhi tupu. Lakini aina nne zilizoishi mahali ambapo barafu haikufika hazikuonyesha ongezeko hilo. Baadhi zilibaki vilevile na nyingine zikapungua.

Waliosoma Mantiki wataitambua mbinu hii. Palipokuwa na barafu, ndege waliongezeka ilipoondoka. Pasipokuwa na barafu, hawakuongezeka. Ulinganisho huo ndio unaotupa haki ya kusema kwamba barafu ilikuwa kisababishi, si jambo lililotokea tu kwa bahati wakati huohuo.

Kutoka tokeo kwenda kisababishi

Hapa falsafa inanilazimu kusimama kidogo. Kwa nini utafiti wa 2014 na wa 2015 hausemi lilelile kuhusu pengwini kaisari? Mtakatifu Thomas anatofautisha uthibitisho unaotoka kwenye kisababishi kwenda kwenye tokeo, na ule unaotoka kwenye tokeo kurudi kwenye kisababishi. Huu wa pili unaweza kutuonyesha kwamba kisababishi kipo, lakini hautupi ujuzi kamili juu yake. Anayesoma vinasaba yuko katika njia hii ya pili. Anayaona matokeo na kurudi nyuma akiyatafuta yaliyopita, na njiani kuna mambo ya kujihadhari nayo.

Kwanza, idadi inayopatikana si hesabu ya vichwa. Ni kipimo cha wingi wa ndege waliochangia kizazi kilichofuata, na mara nyingi huwa ndogo kuliko idadi halisi.

Pili, miaka inategemea kasi ya makosa ya kunakili na urefu wa kizazi. Ukikosea kasi, umekosea tarehe zote. Mifupa ya kale husaidia kuirekebisha saa hiyo. Pengwini Adélie wamezaa mahali palepale kwa maelfu ya miaka, na baridi imeitunza mifupa yao. Mwaka 2002 watafiti walichapisha kazi iliyolinganisha vinasaba vya mifupa hiyo na vya ndege walio hai, wakapima kasi hiyo moja kwa moja.

Tatu, kundi moja likigawanyika katika makundi yasiyochanganyikana, hesabu inaweza kuonyesha kana kwamba idadi imebadilika, kumbe kilichobadilika ni mchanganyiko wao tu.

Nne, mbinu ya jenomu moja haioni vizuri miaka elfu chache ya karibuni, kwa sababu ni koo chache mno zilizokutana katika muda mfupi hivyo. Mbinu zinazotumia ndege wengi huona karibu zaidi. Ndiyo maana tafiti mbili za kweli zinaweza kutoa picha mbili, na wanasayansi hawaishii kwenye moja.

Siyataji haya ili kudharau kazi yao. Nayataja kwa sababu nilipomwambia mzee kwamba "wanasayansi wamelithibitisha", nilimnyima jambo la maana, yaani kuona jinsi wanavyojua, na jinsi wanavyojihoji wao kwa wao.

Mzee alikuwa na haki wapi, na wapi hakuona

Sasa nilipe deni. Mzee alisema kweli mara mbili. Tabianchi ilibadilika kabla ya viwanda, na viumbe tunaowaona leo walivuka mabadiliko hayo. Vinasaba vya pengwini vinakubaliana naye.

Lakini vinasaba hivyohivyo vinaonyesha namna walivyovuka. Walivuka kwa kupungua sana, kwa kukimbilia sehemu chache zilizofaa, kisha kwa kuenea tena mazingira yaliporuhusu. Hayo yalihitaji vitu viwili: muda wa kuhama na mahali pa kuhamia. Kutoka kilele cha zama za barafu hadi tabianchi tuliyoizoea, joto lilipanda kwa maelfu ya miaka. Safari hii dunia imepata joto kwa zaidi ya nyuzi 1 ya sentigredi tangu mwisho wa karne ya 19. Barafu ya Dome C inaonyesha kwamba kwa miaka 800,000 kaboni dayoksaidi hewani ilikuwa kati ya takribani sehemu 180 na 300 kwa kila sehemu milioni za hewa. Leo imepita 420, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo inatokana na kuchoma makaa ya mawe, mafuta na gesi.

Mahali pa kuhamia napo panapungua. Pengwini mfalme huzaa katika visiwa visivyo na barafu, lakini chakula chake kiko mahali ambapo maji baridi ya kusini hukutana na maji ya vuguvugu. Bahari ikipata joto, mstari huo husogea kusini, na visiwa havisogei. Utafiti wa mwaka 2018, uliounganisha jenomu na makadirio ya tabianchi, ulisema kwamba iwapo utoaji wa gesi utaendelea bila kupunguzwa, asilimia 70 ya pengwini mfalme, yaani jozi takribani milioni 1.1, watalazimika kuhama au kutoweka kabla ya mwisho wa karne hii.

Pengwini kaisari wana shida kubwa zaidi, kwa sababu wako tayari kwenye ukingo wa bara la mwisho kusini. Katika ghuba ya Halley, barafu ya bahari ilivunjika mapema mwaka 2016 kabla vifaranga hawajaota manyoya yasiyopitisha maji, nao wakaangamia. Miaka iliyofuata karibu hakuna kifaranga aliyekuzwa pale. Mwaka 2022, katika sehemu ya Bahari ya Bellingshausen, makundi manne kati ya matano yaliyofuatiliwa kwa setilaiti yalipoteza vifaranga wao kwa sababu hiyohiyo. Zamani walipunguzwa na barafu iliyozidi, na leo wanapunguzwa na barafu inayopungua.

Kuna jambo moja zaidi, ambalo mimi mwenyewe sikuliona mpaka nilipoanza kuandika. Mzee alisema viumbe hawakwisha, mpaka leo wapo. Lakini wanaoweza kutusimulia kwa vinasaba vyao ni wale tu waliovuka. Nchini New Zealand yamechimbuliwa masalia ya pengwini wakubwa kuliko mtu mzima, na leo hakuna hata mmoja aliye hai. Aliyekwisha hana damu ya kutoa ushahidi. Tukiwatazama waliobaki na kusema "mbona wapo?", tumewauliza walionusurika peke yao, kama mtu anayeuliza habari za dhoruba kwa mashua zilizorudi bandarini tu.

Kwa hiyo kunusurika kwa jana si ahadi ya kunusurika kesho. Mungu amewapa viumbe wake uwezo wa kuvumilia mengi, na vinasaba vinashuhudia hilo. Lakini uwezo huo una masharti yake, na masharti hayo sasa yanaguswa na mikono ya wanadamu, ambao, tofauti na pengwini, wana akili na utashi wa kuchagua. Ndiyo maana Laudato Si' inalihesabu suala hili kuwa la kimaadili.

Mungu akipenda nitarudi kwenye parokia ile likizo ijayo. Nitamwomba mzee radhi kwa jibu la mara ya kwanza, nimweleze habari za koo zinazokutana, na naamini atanielewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi. Kisha nataka na mimi nimuulize swali, yeye aliyeijua bahari kwa miaka mingi: katika maji yake, ni nini kilichokuwepo ujanani mwake, na leo hakipo?